Kabla ya kununua eliptiko, tazama pangaboi

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa miaka 52, naishi Cheyo, Tabora mjini. Urefu wangu ni sentimita 172, uzito kilo 94. Magoti yananisumbua, hasa nikipanda na kushuka ngazi. Daktari alinipiga picha akasema gegedu limeanza kulika, akanishauri nipunguze uzito kwa mazoezi yasiyogonga magoti. Kijana wangu aliyeko Dar anataka kuninunulia eliptiko, ile mashine ya mazoezi unayosimama juu ya pedeli mbili na kuzikanyaga kama unayetembea, anitumie kwa treni. Amenitumia picha za mbili: ndogo ya bei nafuu yenye skrini kubwa ya rangi, na nyingine pana, bei karibu mara mbili, skrini yake kama kikokotoo. Chumba kipo, binti yangu ameolewa. Nichukue ipi? Na umeme ukikatika?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Nianze na kitu ambacho hukukitaja: hicho chumba cha binti kina pangaboi?

Niliwahi kuitwa nyumba moja Isevya kumwelekeza mama mmoja matumizi ya eliptiko yake mpya. Mashine imeshafungwa, bolti zimekazwa, nailoni ya skrini tu ndiyo haijabanduliwa. Alipopanda, mapanga yalikuwa yanapita kiganja kimoja juu ya kilemba chake. Tuliikokota hadi sebuleni, na mpaka leo imeziba kabati la vyombo.

Kwenye mashine nyingi za nyumbani, pedeli ikifika juu kabisa huwa sentimita 35 hadi 50 kutoka sakafuni. Chukua 50, jumlisha 172 zako, ongeza 15 za usalama: unapata 237. Hesabu hii imezidi kidogo, maana mguu ulio juu huwa umekunja goti, lakini heri izidi. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye mapanga, si hadi darini. Isipofika hapo, hamisha feni kwanza.

Sasa hizo mbili. Skrini isahau. Kalori inazokuonyesha ni za kukisia, na mara nyingi hukusifu kuliko ulichofanya. Cha kumuuliza kijana ni urefu wa hatua, yaani umbali ambao pedeli inasafiri kutoka mbele hadi nyuma. Nyingi ya mashine ndogo zina sentimita 28 hadi 35. Kwa mwili wako, hapo hutembei, unapanda ngazi: mguu unazungushwa juu na chini badala ya kwenda mbele na nyuma, na goti linakunjwa sana kila mzunguko. Nawe umesema ngazi ndizo zinazokuumiza. Tafuta hatua ya sentimita 45 hadi 50.

Asiridhike na kilichoandikwa kwenye boksi. Aende na futi ya fundi na chaki. Asukume pedeli ya kulia mpaka mbele kabisa, aweke alama sakafuni chini ya ncha yake. Airudishe mpaka nyuma kabisa, aweke alama ya pili chini ya ncha ileile. Apime katikati ya alama hizo. Muuzaji akikasirika kwa chaki, duka lingine lipo.

Kisha apande yeye mwenyewe, akanyage dakika tano huku ameachia mikono. Mashine ikiyumba chini ya kijana, itayumba zaidi chini yako. Yenye uzito wa kilo 30 ni nyepesi mno. Ya kilo 50 na kuendelea hutulia. Uzito wa juu inaoruhusu uwe kilo 120 au zaidi. Iliyoandikwa 100 itakubeba leo, ila beringi zake zitaanza kulia mapema. Gurudumu zito la ndani likiwa chini ya kilo tano, mwendo huja kwa kushtukashtuka, na goti bovu halipendi kushtuliwa.

Uzito wa kukanyaga, yaani ule ugumu wa pedeli unaoweza kuuongeza au kuupunguza, uwe wa sumaku. Zile za mkanda unaosugua gurudumu hulika na kunuka mpira. Sumaku haigusi kitu.

Umeme usikutie hofu. Tredimili, ile ya mkanda wa kukimbilia, ndiyo inayozimika TANESCO wakikata. Eliptiko inazungushwa na miguu yako. Chukua yenye kitasa cha kuzungusha kwa mkono, ambayo skrini yake inakula betri ndogo za rimoti. Zenye adapta huenda zikakataa kubadilisha uzito umeme usipokuwepo. Hapo ile skrini ya kikokotoo inaanza kupendeza.

Vumbi letu la Agosti na Septemba ndilo adui. Kama mashine ina vigurudumu vinavyotembea juu ya reli, futa reli hizo kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza. Grisi usiipake humo, inageuka gundi ya vumbi.

Kwa hiyo, kwa picha ulizonieleza, naegemea ile pana, kwa sharti kwamba chaki imekubali. Ikikataa, msinunue yoyote kati ya hizo.

Ikifika, wiki mbili za kwanza fanya dakika nane tu, siku moja ndiyo nyingine hapana, uzito mdogo ila si sifuri. Nyayo zilale zote kwenye pedeli, usilalie mikono. Kurudi kinyumenyume acha kwanza, kunalipa goti kazi zaidi. Panda taratibu kuelekea dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linakishauri. Goti likivimba, likijifunga au likikuachia ghafla, simama urudi kwa daktari.

La mwisho ni kufunga. Kwenye mashine nyingi, bolti ya pedeli ya kushoto ina uzi wa kinyume, hukazwa kwa kuizungusha kushoto. Anayeilazimisha kulia anakata uzi siku hiyohiyo, na kipuri kinasubiriwa kutoka Dar. Huna haja ya kutafuta fundi wa mashine. Ita fundi baiskeli, mji huu umejaa. Ukimtajia pedeli ya kushoto tu, atakuwa ameshaelewa.