Unataka kuacha kazi Dar ukalime nyanya? Tuongee kwanza

Mvua zikishaanza kutajwa redioni, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Kaka habari, naomba mchanganuo wa nyanya ekari moja." Wanaoandika ni watu wa Dar, Mwanza na Arusha wenye kazi zao, na wengine mkopo wa SACCOS tayari umeshaingia kwenye akaunti. Mchanganuo wenyewe wanao, wameutoa kwenye makundi ya WhatsApp, wanatafuta tu mtu wa kuubariki. Miche 10,000, kila mche kilo tatu, kila kilo shilingi 1,000, jumla milioni 30. Toa gharama milioni tano. Unabaki na milioni 25, kwa miezi minne.

Sina ugomvi na hesabu za kuzidisha. Mche kutoa kilo tatu inawezekana, hata zaidi ukiwa na mbegu chotara na maji ya uhakika. Kilo kufika elfu moja nako hutokea. Shida ni kutaka yote hayo yakutokee wewe, kwa pamoja, msimu wako wa kwanza, huku umekaa Kinondoni na kijana wa shamba anakutumia picha.

Mimi nalima Ilula, wilaya ya Kilolo, pale ukishamaliza kupanda Kitonga, kabla hujafika Iringa mjini. Ukipita na basi mchana utaona matenga ya nyanya yamepangwa kando ya barabara na akina mama wanakimbilia madirishani na ndoo. Kabla ya hapo nilikuwa na meza yangu ya ofisini Dar kama wewe. Nilipoaga, mama yangu mkubwa alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna upotevu wa hela kazini. Haikumwingia akilini kwamba mtu mzima, msomi, hana kesi wala ugonjwa, anaweza kwenda shamba kwa hiari yake.

Wala simlaumu. Angalia tulivyolelewa. Shuleni ukichelewa namba, unapimiwa eneo ulime. Ukipiga kelele darasani, jembe. Ukifeli jaribio, jembe. Na hii ni nchi iliyotangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na mwaka 1972 ikasema Siasa ni Kilimo. Halafu mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi: waliokutwa mjini hawana kazi inayotambulika walikamatwa, wakapakiwa kwenye magari na kupelekwa vijijini wakalime. Mtu aliyeona hayo kwa macho yake, kesho ukimwambia kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, atakuitikia kwa adabu na mtoto wake atampeleka akasome uhasibu.

Siku hizi upepo umegeuka. Shamba lililokuwa adhabu sasa limekuwa bahati nasibu. Tumepita kwenye kware, tukaja sungura, tukaja matikiti, tukaja vanila, na kila kimoja kilikuwa na semina yake ya kiingilio. Kwa nilivyoona mimi, anayepata hela kwa uhakika kwenye mawimbi haya ni muuza vifaranga na mwenye ukumbi.

Anayeona shamba ni adhabu na anayeliona ni bahati nasibu wanakubaliana kwenye jambo moja bila kujua: wote wanaamini mtu aliyeko kijijini hajui kitu, maana angejua angekuwa tajiri. Kwa hiyo mgeni wa mjini anafika na pampu mpya, mipira ya matone na kofia pana, anakaa jirani na mzee aliyelima nyanya tangu ujana wake, na hamuulizi swali hata moja. Hapo ndipo hela nyingi za watu zinapopotelea.

Nikueleze jirani yangu anachofanya. Asubuhi na mapema, umande haujakauka, anapita kwenye mistari mikono mitupu, anageuza majani. Anatafuta kantangaze, yule mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014 na kufilisi watu. Kiwavi wake anaishi ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, anakula huku anaacha njia nyeupe isiyonyooka, inayopanuka kama baka la chaki. Mzee akiona njia hiyo analiinua jani kwenye mwanga. Akiona vidoti vyeusi vya kinyesi na kitu kinachojisogeza, analibana kwa kidole gumba na cha shahada, anaendelea. Akikuta njia nyingi kwenye mstari mmoja, siku hiyohiyo anapiga dawa, na habadilishi jina la chupa tu, anaangalia kiambato kilichoandikwa kwa herufi ndogo, kwa sababu kantangaze huzoea dawa haraka. Picha anayokutumia kijana wako, iliyopigwa akiwa amesimama kwenye tuta la mwisho jua likiwa utosini, haiwezi kukuonyesha hicho. Utakachokiona wewe ni shamba la kijani mpaka siku litakapokuwa la kahawia.

Bakajani chelewa, ugonjwa unaounguza majani na kuozesha nyanya, ndiyo mbaya zaidi. Ukungu ukitanda na baridi ikashika siku tatu nne mfululizo, shamba linaweza kuungua lote ndani ya wiki moja. Anayeamka pale anaiona hali ya hewa na anapiga dawa ya kinga mapema. Wewe unaambiwa kwenye simu, unasema subiri mshahara uingie, na unapotuma hela ya dawa unakuwa umeituma kwenye msiba.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayeniuliza ni kwamba kama huwezi kulala kule, usilime nyanya. Lima kitu kinachovumilia mwenye mali kutokuwepo. Panda miti, au lima mahindi, ingawa nayo tangu viwavijeshi vamizi vilipoingia mwaka 2017 hayaachwi tu. Ukishikilia nyanya, basi ingia ubia wa kweli na mtu wa pale: wewe pembejeo, yeye ujuzi na kazi, mavuno mnagawana kwa mlivyoandikiana. Huyo atageuza majani asubuhi kwa sababu ni majani yake. Kijana unayemlipa laki kwa mwezi, na laki yenyewe inachelewa, atageuza majani siku unayokuja.

Ardhi usinunue mwanzoni. Kodi msimu mmoja, miwili, ujue maji yanakauka lini na ng'ombe wa nani wanapita wapi. Ukifika wakati wa kuchukua ardhi ya kijiji, usimalizane na mtu mmoja kilabuni kwenye ulanzi, hata awe mwenyekiti. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia, na huo mkutano una muhtasari wake ulioandikwa. Uombe uuone. Halafu pima mwenyewe umbali wa kwenda mtoni. Watu wa mjini hupenda sana vile vipande vya bondeni, udongo mweusi, maji kando, ambako wenyeji hulima vinyungu, yaani bustani za bondeni, wakati wa kiangazi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Kipande ulichouziwa kwa bei ya kutupa, mara nyingi bei yake ina sababu.

Mpango wa sasa wa mbolea ya ruzuku upo tangu msimu wa 2022/23, lakini lazima uwe umesajiliwa kijijini, na ekari unazotaja ziwe zile unazolima kweli. Nenda kwa mtendaji au afisa kilimo mapema. Foleni ya dakika za mwisho siiombei mtu.

Halafu kuna watu. Kijijini kukitokea msiba hakuna kibarua atakayeingia shambani kwako, hata ukiongeza posho, hata nyanya zikiwa zimeiva zinadondoka. Nimemsikia mgeni mmoja akilalamika kwamba watu hawa ni wavivu, siku nzima wamekaa chini ya miti. Walikuwa wanachimba kaburi. Wewe siku hiyo funga shamba, toa mchango wako, beba kuni kama wengine. Wanaokuona pale ndio watakaokuita usiku wakisikia mtu anang'oa pampu yako. Na salimia. "Kamwene" yako, salamu ya Kihehe, hata ikiwa ya kujikwaa itapokelewa.

Sasa bei, na hapa nitasema na nyinyi mnaobaki mjini pia. Sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 61, na karibu theluthi mbili yetu tunaishi vijijini. Lakini ukisikiliza habari, bei ya chakula ina uchungu upande mmoja tu. Nyanya zikipanda, kamera inaenda sokoni, mama anaonyesha fungu la nyanya tatu. Zikishuka mpaka tenga halilipi hata gharama ya kulichumia, tukaziachia ng'ombe, kamera haiji. Mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, nilikuwa bado mjini, na mezani kwetu tulisema vizuri, unga utashuka. Ruvuma na Rukwa watu walikaa na magunia ndani hawana wa kumuuzia, na walikuwa wameshakopa mbolea. Sisemi unga uwe ghali. Nasema yule aliyeulipia ule unafuu hakuwa mezani kwetu.

Dawa nayo. Watu wa mjini mnatuambia tunawalisha sumu, na kwa sehemu mna haki: wapo wanaopiga leo na kuchuma kesho, wakati kwenye chupa kumeandikwa siku za kusubiri. Wakemeeni. Lakini simama sokoni uangalie mkono wa mteja unavyochagua. Nyanya yenye doa moja dogo inarudishwa. Dalali anajua, ananiambia mimi, na mimi najua chupa gani inaondoa doa.

Ukishavuna, mchanganuo wako unakutana na tenga. Kwenye karatasi uliuza kilo. Huku hakuna anayepima kilo; mnunuzi anataka tenga lijazwe mpaka lifanye kichuguu, kisha linafungwa juu kwa kamba. Wenzetu wa viazi na vitunguu wanaijua vizuri habari hii kwa jina la lumbesa. Sheria ya Vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, na kila mwaka viongozi wanalikemea jukwaani, na kila mwaka malori ya Fuso yanapita yakiwa na magunia yenye vilemba. Mkulima anakubali kwa sababu nyanya imeiva leo na kesho itakuwa maji. Weka hiyo kwenye hesabu zako tangu mwanzo: unachouza ni matenga, na tenga la mnunuzi ni kubwa kuliko la kwenye karatasi. Na usipande kwa kufuata bei ya mwaka jana, maana kijiji kizima kiliisikia bei hiyohiyo. Bei nzuri mara nyingi huja wakati wa mvua kubwa, kwa sababu bakajani imeshawatoa wengi, na inaweza kukutoa na wewe.

Kama bado unataka, fanya hivi kabla hujagusa huo mkopo. Chukua likizo yako ya mwaka, njoo wakati watu wanavuna, si wakati wa Nanenane ambapo kila kipando kimenyweshewa kwa ajili ya wageni. Tafuta mkulima anayepakia mzigo, omba nafasi kwenye Fuso, lipa nauli, mshuke naye Kitonga usiku mpaka Ilala au Temeke Stereo. Ukae naye pale kuanzia alfajiri hadi tenga la mwisho litoke. Kuwa na daftari. Andika nauli ya tenga, ushuru, hela ya wapakuzi, ya dalali, matenga yaliyopondeka njiani, na bei ya tenga la kwanza na la mwisho, maana hazifanani. Kisha muulize, kwa upole, alitumia kiasi gani mpaka kufika hapo. Wengi watakwambia.