Data ya bandarini: foleni na ajali ziangalie kwa pamoja

Watu wengi wakisikia uchambuzi wa data bandarini wanawaza mitambo ya bei mbaya na skrini ukuta mzima. Mimi nimekaa sana kwenye mipango ya yadi, yaani uwanja wa kupangia makontena, na ushauri wangu mkubwa ni huu, data ya kuharakisha kazi na data ya usalama zisikae ofisi mbili tofauti, ziweke kwenye jedwali moja ndo utaona mambo.

Pale nilipokuwa, ripoti ya mwezi ilikuwa inatoa wastani wa muda wa lori kuanzia getini mpaka linatoka, na wastani wenyewe ulikuwa mzuri tu, sasa shida ya wastani ni kwamba unaficha. Tukaupasua saa kwa saa na bloku kwa bloku, yaani kila rundo la makontena yadini, ikaonekana malori yanarundikana kwenye bloku chache karibu na muda wa kubadilishana shifti. Nikachukua na daftari la usalama, yale matukio ya kuponea chupuchupu, nikayapanga kwa saa na eneo vilevile, yakaangukia palepale! Ukienda kusimama pale unaelewa kwanini, dereva amechoka kusubiri anashuka kwenye kebini kwenda kuulizia, anakatiza katikati ya mashine, na opereta naye anakimbizana amalize kabla ya kukabidhi huku kontena alilobeba mbele limemziba haoni aliyeko chini. Kwahiyo tukawapa malori miadi ya kuingia na maopereta wakaacha kubadilishana wote kwa mpigo. Foleni ikapungua na zile chupuchupu zikapungua pia.

Ila kabla hujafika huko safisha data kwanza. Saa ya mfumo wa geti na saa ya mfumo wa winchi zikipishana utakuta lori limetoka kabla halijapakiwa, na hapo hesabu zote ni bure. Namba ya kontena nayo ina herufi 4 na tarakimu 7, hiyo tarakimu ya mwisho ipo kwa ajili ya kuhakiki zingine, mfumo ukiicheki pale getini makosa mengi ya kuandika yanakamatwa mapema.

Uzito pia. Tangu tarehe 1 Julai 2016 mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unataka kila kontena lenye mzigo liwe na uzito uliothibitishwa ndo lipakiwe melini, na winchi nyingi zina sensa za kupima linaponyanyuliwa. Linganisha hizo namba mbili kila wiki, utawajua wasafirishaji ambao karatasi zao huwa hazilingani na mzigo, na hao ndo wanaohatarisha winchi, meli na watu.

Kitu kingine ambacho naomba msikipuuze ni siku za kukaa kwa shehena hatari. Bandari ya Beirut, Lebanon, tarehe 4 Agosti 2020 zililipuka takriban tani 2,750 za ammonium nitrate, kemikali ya mbolea inayoweza kulipuka, zilikaa ghalani tangu 2014, wakafa watu zaidi ya 200. Barua za kuonya zilikuwepo. Ndo maana nasema orodha ya shehena hatari iliyopitiliza muda isiishie kwenye mafaili, ifike kila asubuhi mezani kwa mtu mwenye mamlaka ya kuamuru iondolewe, na jina lake liandikwe hapohapo kwenye orodha.

Halafu usimwadhibu kuli au opereta anayeripoti kwamba nusura agongwe au agonge. Ukimkata posho mara moja tu, mwezi unaofuata ripoti zitapungua na bosi atafurahi, kumbe watu wamenyamaza. Mimi nikiona bloku lina kazi nyingi halafu ripoti sifuri ndo nalishuku zaidi, na hapo hakuna programu ya kukusaidia, vaa kofia na kizibao ukakae pale shifti nzima uongee na wanaofanya kazi.