Jeni mpya si lazima iwe uvumbuzi

Swali: Maabara yetu hapa Maryland imetenga protini ya kipokezi cha seli za kinga za binadamu, na sisi ndio wa kwanza kusoma mpangilio wa jeni yake. Mkaguzi wa hataza amekataa madai yetu, anasema ni jambo la dhahiri. Mshauri wetu anataka tukate rufaa kwa hoja kwamba mpangilio huo haujawahi kuandikwa popote. Yuko sahihi?

Jibu: Hapana, ndugu mtafiti. Hoja hiyo hunifikia mara kwa mara, na kila mara kuna mtu ameshailipia. Mkaguzi hakusema kuna aliyewatangulia. Amesema mtaalamu wa kawaida, kwa yale yaliyokwisha kuchapishwa, angefika mlipofika.

Mshauri wenu bado yuko mwaka 1995, kwenye kesi ya Deuel, ilipoamuliwa kuwa njia ya jumla ya kusaka jeni haiifanyi jeni yenyewe kuwa dhahiri. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya KSR, ilifungua mlango: kilichokuwa dhahiri kukijaribu chaweza kuhesabiwa dhahiri. Tarehe 3 Aprili 2009, katika mahakama ya rufaa, mlango huo ukamwangukia mtafiti Kubin, aliyekuwa akiomba hataza. Yeye na Goodwin walidai jeni ya NAIL, kipokezi cha seli za NK, aina ya seli za kinga. Lakini protini hiyo ilishatajwa kwa jina la p38 katika hataza ya Valiante, kingamwili ya kuinasa ilikuwepo, na hatua za kuipata jeni zilikuwa kwenye mwongozo wa maabara. Wakashindwa. Kwamba NAIL hujishikiza kwenye CD48, protini nyingine? Mahakama ilisema hiyo ni tabia ya protini yenyewe, haiwaokoi.

Basi niambieni: kingamwili yenu ilikuwepo tayari, au mliihangaikia wenyewe? Kuna waliojaribu kwa njia za kawaida wakakwama? Madaftari ya majaribio yaliyogoma yana uzito kuliko upya wa mpangilio. Yapelekeni kwa mkaguzi sasa, pamoja na hati ya kiapo, kwa sababu mahakama ya rufaa huamua kwa yaliyomo kwenye jalada na haipokei ushahidi mpya.

Wanaouza "rufaa ya uhakika" hawasemi hayo. Wala hawasemi kwamba tangu kesi ya Myriad ya 2013, DNA ya asili haigeuki uvumbuzi kwa kutengwa tu, na ofisi ya hataza huipima protini ya asili kwa jicho hilohilo. Akija mtu anadai ada kabla hajauliza hata swali moja kuhusu majaribio yenu, msimkabidhi jalada.