Masomo mseto (ya darasani na mtandaoni): maswali yenu na majibu

Bando langu haliishi wiki kwa sababu ya mihadhara ya video. Nifanyeje?

Kinachokula data ni picha, si sauti. Saa moja ya video yenye ubora wa picha wa 720p inaweza kufikia GB 1, na ya 360p, ubora wa chini zaidi, hula chini ya nusu yake. Usiache programu ijichagulie ubora, maana mtandao ukichangamka tu nayo huupandisha. Kwenye kipindi cha moja kwa moja, zima kamera. Rekodi zipakue siku unazokwenda chuoni, kwenye Wi-Fi. Somo lenye hesabu ubaoni ni kesi nyingine: 360p haisomeki, hivyo omba slaidi mapema.

Mtandao ulikatika katikati ya jaribio. Niliporudi, muda ulikuwa umekwisha.

Saa ya jaribio inahesabiwa kwenye seva (kompyuta inayoendesha mfumo wa masomo), si kwenye simu yako, kwa hiyo mtandao ukikatika yenyewe inaendelea. Ingia upesi kwa kifaa au laini nyingine. Kwa kawaida utalikuta jaribio lilelile. Majibu marefu yaandike kwanza pembeni, kisha yanakili. Piga picha ya skrini inayoonyesha hitilafu na saa, umtumie mhadhiri papo hapo. Malalamiko ya wiki inayofuata, hata yakiwa ya kweli, ni vigumu kuyathibitisha.

Nilipakia kazi, lakini mhadhiri haioni.

Huenda imebaki rasimu. Kwenye mifumo mingi, kupakia ni hatua moja na kuwasilisha ni nyingine. Usiondoke kabla hujaona neno “imewasilishwa”.

Nina viporo vya mihadhara ya wiki 4. Nianzie wapi?

Anza na mhadhara wa wiki hii. Wengi huanzia nyuma, na hapo ndipo wanapozama: wanaingia darasani mikono mitupu, mjadala unawapita, kisha wiki hiyo nayo inakuwa kiporo. Ukishaumaliza, ongeza mhadhara 1 wa zamani kila siku, ukianza na ule ambao somo la sasa linautegemea. Tazama dakika 10, simamisha, andika ulichoelewa bila kuchungulia. Usipoweza kuandika kitu, rudia kipande hicho tu.

Halafu iandike mihadhara ya mtandaoni kwenye ratiba, kwa siku na saa. “Nitaitazama nikipata nafasi” ndiyo iliyozaa viporo hivyo.