Nimerudi Masasi: usajili wangu wa Afrika Kusini niufanyeje?

SWALI: Mimi ni mwanasaikolojia wa unasihi. Nilisoma na kusajiliwa Afrika Kusini, sasa nimerudi nyumbani Masasi na nafanya kazi na shirika moja. Ada ya HPCSA, baraza linalosajili wataalamu wa afya huko, inakaribia. Je, nilipe, au niache usajili ufe wenyewe kwa kuwa sipo huko? Pointi za kujiendeleza kitaaluma ninazo, nimezipata kwa semina za mtandaoni.

JIBU: Usiuache ufe wenyewe. Ama lipa, ama andika kuomba jina lako litolewe kwenye rejista. Wanaoumia ni wale wanaonyamaza: asiyelipa husimamishwa, na akitaka kurudi hukuta adhabu inayoongezeka kadiri muda unavyopita. Anayejitoa kwa hiari, ada zote zikiwa zimelipwa, anaondoka bila deni wala doa. Utaona faida yake siku mwajiri wa nchi nyingine atakapodai hati ya hadhi yako, yaani uthibitisho kwamba usajili wako hauna tatizo, kutoka baraza hilo.

Ada ni ya kila mwaka na mwisho wake ni tarehe 1 Aprili. Kwa sisi wa kusini tarehe hiyo ni ya mateso, hela ya korosho imeshayeyuka. Randi za ada zitenge minada ikiwa bado inaendelea. Kama umeamua kujitoa, barua ifike kabla ya tarehe hiyo, la sivyo utadaiwa mwaka mwingine.

Kwenye pointi ndipo nina wasiwasi nawe. Zinatakiwa 30 kila miezi 12, na kati ya hizo angalau 5 ziwe za maadili, haki za binadamu na sheria za tiba. Watu hujaza 30 kwa semina za kiwewe na sonona, halafu za maadili hawana hata moja. Fungua vyeti vyako sasa hivi, kimoja kimoja: kuna jina lako? Namba ya ithibati ya semina? Idadi ya pointi, na zipi zimetajwa kuwa za maadili? Cheti kisicho na hayo ni karatasi tu, hata kama mkufunzi alikuwa bingwa. Kila pointi hudumu miezi 24 tangu siku ya semina, kwa hiyo za mwaka jana usizitupe. Baraza huchagua majina bila mpangilio na kukagua, na kuishi Masasi hakukutoi kwenye kapu la majina.

Jambo moja hukuliuliza: usajili huo haukupi idhini ya kuhudumia wateja Tanzania. Kila nchi hutoa yake. Usiuandike kwenye kibao cha ofisi kana kwamba ndiyo leseni yako ya hapa. Malizana kwanza na mamlaka za huku.

Ningekuwa wewe, na nina mpango wa kurudi kusini mwa Limpopo ndani ya miaka miwili mitatu, ningelipa. Kama mpango huo haupo, ningejitoa, na nakala ya barua ningeiweka faili moja na risiti ya ada ya mwisho.