Uso unanivuta kila nikinawa, nitumie nini?

Kurasa za maswali mwezi huu zimejaa uso tu, naona kipupwe kimewakamata. Nimechukua barua tatu, ya kwanza ntaijibu kwa kirefu maana wenye tatizo kama hilo mko wengi sana.

SWALI: Shikamoo dada. Mi nina miaka 24, nimezaliwa Tanga nimekulia Tanga, mwaka huu nimehamishiwa Njombe kikazi na tangu nifike huku uso wangu sio wangu. Nikinawa tu unavuta kama umepakwa gundi, mashavu yanapauka, pembeni ya pua kunatoka unga unga, nikipaka losheni inachonyota mpaka machozi. Nilianza na sabuni ya dawa ile ya kuua vijidudu kwa sababu niliona vipele vidogo vidogo, haikusaidia, nikaenda kwenye fesiwoshi ya chunusi ya rafiki yangu ambayo kwake imemkubali kweli ila kwangu ikawa balaa. Dada wa saluni akanambia nisugue kwa sukari na limao mara mbili kwa wiki. Sasa nimebaki nimeduwaa, dukani klenza, hizi za kusafishia uso, ziko nyingi mpaka zinachanganya, moja ya maziwa nilijaribu haitoi povu kabisa nikajihisi kama sijanawa. Nitumie ipi dada?
Wa Tanga aliyepotelea Njombe

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole. Kabla sijakwambia cha kununua, hilo limao litie kwenye chai leo leo na sukari yake. Limao ni asidi kali, unaipaka kwenye ngozi ambayo tayari imechubuka halafu unaisugua kwa chenga za sukari, hapo lazima ichonyote. Na maji ya limao yakibaki usoni ukatoka juani yanaweza kukuunguza yakakuachia madoa meusi ya kukaa miezi. Huyo dada wa saluni hana nia mbaya, ila uso ni wako.

Sasa tuje kwenye hilo la kujihisi hujanawa, kwa sababu mi naona ndo tatizo lenyewe lilipo. Sisi tumelelewa kwa dodoki na sabuni ya mche, mama anakusugua mpaka shingo inakuwa nyekundu ndo anaridhika kwamba mtoto ametakata, tukakua tunajua uso safi ni ule ukiupitisha kidole unalia kwii. Ule mlio sio usafi, ni mafuta yote yametoka, na mafuta yale hayakuwa uchafu. Chukulia ngozi ya juu ni paa la makuti, we wa Tanga unayajua, makuti yakiwa yamepangwa vizuri mvua haingii na jua halipiti. Sabuni kali kila siku inakuchomolea kuti moja moja, maji yaliyo ndani ya ngozi yanatoka kwa urahisi na chochote unachopaka kinapenya mpaka kwenye nyama mbichi, ndo mana hata losheni uliyokuwa unaitumia Tanga bila shida leo inachonyota. Losheni haijabadilika, paa limetoboka.

Halafu umehama na hali ya hewa. Tanga kuna unyevu wa bahari mwaka mzima. Njombe uko karibu mita 2,000 juu, mwezi wa sita na wa saba baridi inauma, na hewa ya baridi haibebi mvuke mwingi. Jioni unakaa na jiko la mkaa mbele ya uso, asubuhi unanawa maji ya moto kwelikweli. Hapo hata ngozi ya mafuta ingelalamika sembuse yako.

Sabuni ya kipande, hii ya kawaida, ni mafuta yaliyopikwa na kostiki soda. Ikishakuwa sabuni ya kweli pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikiwa chini ya 7 kitu ni kichachu, inacheza kwenye 9 mpaka 10 wakati ngozi yako ina uchachu kidogo, iko kwenye 5 hivi. Haijalishi kwenye boksi wamechora mwarobaini, manjano, mkaa, asali au katoto kanacheka, sabuni ni sabuni, na za watoto nyingi zimejazwa manukato juu yake. Kama una mdogo wako anasoma sekondari mwombe karatasi ya litimasi nyekundu, ilowanishe, igusishe kwenye kipande cha sabuni uione inavyogeuka bluu, ndo dalili kwamba pH iko juu, halafu fanya hivyohivyo kwenye klenza ya ngozi kavu. Ikigeuka bluu na hiyo irudishe dukani kama watakubali, haha.

Fesiwoshi ya rafiki yako nayo sio mbaya, ni ya rafiki yako. Za chunusi nyingi zina salisiliki asidi au benzoili peroksaidi, kazi yake ni kukausha mafuta na kuchubua kidogo, sasa wewe unakausha nini? Na hivyo vipele vyako vidogo vidogo vilivyokuja pamoja na kuvuta na kupauka, mi nadhani ni ngozi inalia tu, sio chunusi.

Kwa hiyo dukani usianze na jina, geuza chupa usome nyuma. Viambato vinapangwa kuanzia kilicho kingi kwenda kichache, kwa hiyo mistari miwili ya kwanza ndo inakwambia ukweli, lile jani la alovera lililochorwa mbele mara nyingi ukilitafuta utalikuta mwisho kabisa. Ukiona Sodium Lauryl Sulfate, wengine wanaifupisha SLS, iko juu juu kwenye orodha, iache. Hiyo ni povu kali kiasi kwamba watafiti wa ngozi wakitaka kuwasha ngozi makusudi ili wapime kitu, ndo wanayoipaka. Isikuchanganye na Laureth, hiyo ni ndugu yake mpole kidogo, ila kwa hali uliyonayo sasa hata yeye mwache kwanza. Ukiona neno fragrance au parfum, iache pia, manukato ni katika vitu vinavyoongoza kwa kuleta mzio usoni. Na hapa kuna mtego, chupa ikiandikwa unscented haimaanishi haina manukato, inaweza kuwa na manukato ya kuficha harufu ya dawa nyingine, unayoitaka wewe ni iliyoandikwa fragrance free. Kinachotakiwa kuwepo ni glisirini inayoshika maji kwenye ngozi, ikiwezekana na seramaidi ambazo ndo aina ya mafuta yanayoshika yale makuti yako. Basi. Chembechembe za kusugulia, mentho ya kupooza, alkoholi ya spiriti, mkaa, vyote hivyo sio vya kwako.

Najua unataka majina. Famasi za mjini utakuta Cetaphil, hiyo ni ya zamani, ilianzia Texas kule Marekani mwaka 1947, utakuta na CeraVe, ile ya ngozi kavu sio ya ngozi ya mafuta, chupa zinafanana soma vizuri. Kama bei inakutisha kuna kipande cha Dove kisicho na manukato. Kile kiliingia sokoni Marekani mwaka 1957 na ukisoma boksi lake hakijiiti sabuni, kinajiita beauty bar, na sio maringo, kweli hakijatengenezwa kama sabuni ya kostiki kwa hiyo pH yake iko chini. Cha bei ya chini zaidi ni krimu nyeupe ya kopo inaitwa aqueous cream, famasi nyingi wanayo. Unaipaka kama klenza, unasuuza yote inatoka. Usiiache usoni ukalala nayo maana nayo ina SLS ndani, ikikaa inaweza kukuwasha. Mi ningekuwa wewe ningeanza na hicho kipande cha Dove, nikiona bado kinavuta ndo niingie gharama. Ukinunua chochote nunua kidogo, angalia tarehe ya kuisha na uangalie kofia haijafunguliwa, na vile vinavyouzwa vimemiminwa kwenye vichupa visivyo na lebo hata kama muuzaji ni shoga yako usiguse.

Kabla ya kupaka usoni jaribu kwanza ndani ya mkono karibu na kiwiko, paka acha dakika chache kama tano, suuza, fanya mara mbili kwa siku kwa wiki moja. Najua una haraka, ila wiki moja ya mkono ni nafuu kuliko mwezi wa uso.

Kunawa kwenyewe sasa. Asubuhi maji tu, hukulala kwenye vumbi. Usiku ndo klenza, maji ya uvuguvugu, yapime kwa kiwiko kama unamwogesha mtoto mchanga. Tumia vidole, sio dodoki wala taulo la kusugulia, nusu dakika inatosha, suuza vizuri mpaka kwenye mstari wa nywele na chini ya taya kwa sababu watu wengi wanaacha mabaki hapo halafu wanashangaa kuwashwa. Kausha kwa kugandamiza, kanga kuukuu ya pamba haina mpinzani. Halafu siku ya kwanza tu fanya mtihani, kaa dakika kumi bila kupaka kitu. Uso ukianza kuvuta, hiyo klenza haikufai hata kama ni ya bei ya mbuzi. Ukitulia kama vile hukunawa, ndo yenyewe! Ile hali uliyoikimbia kwenye klenza ya maziwa ndo uliyokuwa unaitafuta. Siku nyingine usisubiri, uso ukiwa bado una majimaji paka krimu nzito isiyo na manukato au mafuta ya mgando kidogo juu yake.

Ipe wiki tatu nne, usibadilishe badilishe. Na kuna kitu hujaniambia, sikuhukumu nakuuliza tu, umewahi kupaka mkorogo au krimu za tyubu za kung'arisha? Nyingi zina steroidi kali, yaani dawa za hospitali za kutuliza ngozi iliyowaka, kama clobetasol, na mtu akizizoea akaacha uso unawaka, unavuta, unatoka vipele, kabisa kama unavyonieleza. Kama jibu ni ndio, klenza peke yake haitakutoa hapo, nenda kwa daktari wa ngozi. Nenda pia ukiona ngozi inapasuka na kutoa maji, au macho yanavimba.

SWALI: Assalamu alaikum. Mimi ni mama wa Unguja, ngozi yangu kavu toka utotoni na nilikuwa na pumu ya ngozi. Natawadha mara tano kwa siku na uso nao ndio unazidi kukauka, mdomoni pembeni pananichanika. Nitumie sabuni gani laini kwa kila udhu?

JIBU: Waalaikumu salaam mama yangu. Udhu hautaki sabuni, ni maji matupu, kwa hiyo hilo la kwanza tunaliondoa na utaona tofauti kubwa. Ila hata maji matupu nayo yakikauka usoni yenyewe kwa upepo yanaondoka na unyevu wako, na kama nyumbani mnatumia maji ya kisima yenye chumvi chumvi ndo zaidi, na sabuni ikikutana na maji hayo inaacha ukoko kwenye ngozi kama ule unaouona kwenye beseni. Cha kufanya, ukimaliza kutawadha gandamiza uso na kitambaa laini, paka losheni nyepesi yenye glisirini, iwe kwenye pochi kabisa. Usiku kabla ya kulala ndo tumia klenza ya aina niliyomwelekeza binti wa Tanga hapo juu, mara moja tu kwa siku, halafu mafuta ya mgando mashavuni na kwenye hizo pembe za mdomo. Ukiyapaka usiku sana yatakuwa yamebaki mpaka alfajiri, kama una shaka yanazuia maji kufika kwenye ngozi yapanguse kwanza kwa maji ya uvuguvugu, na hilo la fiqhi muulize ustadhi wako sio mimi. Liwa ya kusaga kwenye msio kama umeizoea na haijawahi kukudhuru sikukatazi, ila isugue kidogo na isikaukie usoni mpaka ikapasuka pasuka. Hizo za paketi zenye harufu kali achana nazo, hujui wametia nini.

Kwa kuwa umesema pumu ya ngozi, hiyo michaniko ya mdomo isipopona ndani ya wiki mbili usiendelee kujitibu, wakati mwingine ni fangasi na dawa yake ni nyingine kabisa.

SWALI: Mambo vipi. Mi ni bodaboda hapa Dodoma, jua na vumbi kutwa, jioni nanawa uso na sabuni ya kufulia maana ndo inatoa vumbi lote. Sasa hivi paji la uso linawasha na ngozi inabanduka. Hizo klenza sio za akina dada kweli?

JIBU: Poa kaka. Ngozi haina jinsia, na sabuni ya kufulia imetengenezwa kwa ajili ya jinzi lako sio paji lako. Vumbi linatoka na maji, we suuza uso kwanza kwa maji mengi bila kitu chochote, litaondoka karibu lote, ndo upake kipande laini kisicho na manukato, kama kile cha Dove hapo juu, nusu dakika umalize. Asubuhi kabla ya kutoka paka mafuta na sanskrini, ile krimu ya kukinga jua, Dodoma hakuna unyevu wa kukuokoa. Na kwa vile panapokuwasha ni paji la uso hasa, mi nashuku na helmeti. Lile sponji la ndani litoe ulifue mara moja kwa wiki, suuza sabuni yote itoke, anika likauke kabisa kabla hujalivaa, na abiria mpe helmeti yake.