Mwambieni mgeni aingie mlango wa kulia

Wiki hii mmeuliza: mgeni kutoka nyumbani ana siku moja tu katika mji wa Ulaya unaoufahamu, utampeleka nyumba gani ya ibada? Mimi ninaishi Roma mwaka wa sita huu, na wageni nimepokea wengi: ndugu, marafiki wa ndugu, masista waliokuja masomoni. Karibu wote hushuka kwenye ndege na jina moja mdomoni, basilika ya Mtakatifu Petro. Siwalaumu. Lakini kama siku ni moja, na nusu yake italiwa na foleni ya ukaguzi kwenye uwanja wa mbele ya basilika hiyo, mimi nawapeleka Santa Maria Maggiore, basilika ya Bikira Maria.

Kutoka stesheni kuu ya Termini ni mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu. Kuingia ni bure, ila mikoba inakaguliwa. Mabega na magoti yafunikwe hata jua la Julai liwe kali vipi. Ndiyo maana khanga haitoki kwenye mkoba wangu.

Ukishaingia, usiharakishe. Tafuta benchi, ukae, macho yazoee. Juu ya nguzo za pande zote mbili utaona safu ya picha za mozaiki za karne ya 5, za enzi za Papa Sisto wa Tatu: Ibrahimu, Yakobo, Musa, Yoshua. Ziko juu mno, kwa hiyo mwenye darubini aje nayo. Upande wa kushoto kuna kaburi la Papa Fransisko, aliyezikwa hapa Aprili 2025, nalo halina pambo: jiwe na neno moja tu, Franciscus. Alipenda kuja kusali hapa mbele ya picha ya Bikira Maria kabla ya safari zake za nje na baada ya kurudi. Watu wengi huishia kaburini, wakatoka.

Mimi huwarudisha wageni wangu hadi karibu na mlango, upande wa kulia, kwenye chumba cha ubatizo. Humo ndimo alimo Antonio Manuel Ne Vunda.

Alikuwa balozi wa Mfalme Álvaro wa Pili wa Kongo, ufalme ambao mji wake mkuu, Mbanza Kongo, leo uko Angola. Mfalme alikuwa Mkristo, na alichoka kuona mambo yote ya Kanisa lake yakipitia mikononi mwa Wareno. Alitaka kuzungumza na Papa moja kwa moja, bila mtu wa katikati. Basi mwaka 1604 akamtuma Ne Vunda. Safari ile ilichukua karibu miaka minne. Alipitia Brazili, akaporwa baharini, akakwama Hispania kwa muda mrefu, na wengi wa wenzake wakafia njiani. Alipoingia Roma mwanzoni mwa Januari 1608 alikuwa mgonjwa hoi. Mapokezi rasmi yalikuwa yameandaliwa kwa sikukuu ya Tokeo la Bwana, tarehe 6. Hakuifikia. Papa Paulo wa Tano alimwendea mwenyewe kitandani, kisha akaagiza azikwe katika basilika hii.

Sanamu yake ya kichwa na kifua ilichongwa na Francesco Caporale. Uso ni wa jiwe jeusi, macho meupe, na mgongoni ana podo la mishale. Waroma walizoea kuiita kwa jina la rangi ya ngozi yake. Mimi namwita kwa jina lake, na naomba waongoza watalii wafanye hivyo hivyo, kwa sababu mtu aliyebeba ujumbe wa mfalme miaka minne anastahili kutajwa.

Mama yangu mkubwa alipokuja kutoka Bukoba, nilimweleza haya yote tukiwa tumesimama mbele ya sanamu. Sikujua kama ananisikia. Yeye amesuka mikeka maisha yake yote, na hakuanza na uso, alianza na vazi. Ne Vunda amevaa nguo ya wakuu wa kwao, ya nyuzi zilizofungwa kama wavu, na fundi ameichonga tundu kwa tundu. Mama akasogea hadi pua ikakaribia kugusa jiwe, akafuata fundo kwa kidole hewani, bila kugusa. "Aliyechonga hili alilishika vazi lenyewe," akaniambia. Halafu ndipo akainua macho kwenye uso, akasema taratibu, kama anavyowapokea wageni nyumbani, "Pole, baba. Umetoka mbali." Tulikaa mle nusu saa. Watu waliingia, wakapiga picha kisima cha ubatizo, wakatoka.

Hilo ndilo jibu langu. Vijana wetu wanaokuja huku hudhani wao ndio wa kwanza kukanyaga sakafu hizi kutoka kusini mwa Sahara, wanaingia wamenywea, kama wameazima mahali. Nataka wamkute mtu aliyewatangulia kwa miaka 400 na zaidi, tena kwa heshima ya ubalozi.

Muda ukibaki, nendeni San Clemente, si mbali. Kanisa la karne ya 12 limekaa juu ya kanisa la karne ya 4, na chini kabisa kuna hekalu la Mithra, mungu aliyeabudiwa na Warumi wa kale, ambako utasikia maji yakipita gizani. Huko chini kuna kiingilio. Angalieni saa pia, maana makanisa mengi madogo ya Roma hufungwa adhuhuri hadi alasiri, ila Santa Maria Maggiore haifungi mchana.

Na mkikuta chumba cha ubatizo kimefungwa, msiondoke. Mtafuteni mhudumu wa kanisa, mumsalimie kwanza, kisha mmwambie mmekuja kumwona Ne Vunda. Mimi na mama tulifunguliwa hivyo.